Chai ya Vigingi

Nianze na aibu yenyewe, maana nikiichelewesha nitaanza kuitengenezea visingizio. Nilikunywa chai iliyochemshwa kwa vigingi vyangu mwenyewe, nikaisifia mbele za watu, halafu nikaomba kikombe cha pili. Vigingi kumi na sita. Nilivichonga kwa mkono wangu, nikavipaka ncha rangi nyekundu iliyobaki tulipopaka mlango, nikavipigilia kwenye shamba la mama mkwe kuonyesha mahali ambapo wageni wangelala kwenye mahema. Yeye akaving'oa, akavikata, akavitia mafigani. Na mimi nikasema kwa sauti ya mkwe mwema, "Mama, chai ya leo ina harufu nzuri, kama ya mkaratusi."

Ilikuwa rangi ya mlango.

Mimi ni mtoto wa Mwembesongo. Wazazi wangu walikuja Morogoro kufuata kazi ya kiwandani, na huko kwetu hasa nimefika mara mbili tu, zote msibani. Shule niliishia kidato cha pili. Wengine husema shule iliwashinda; mimi nasema tulitoka sare, kila mmoja akaenda zake. Nimeuza nyanya, nimeosha magari, nimefundishwa ufundi cherehani na mtu aliyenifukuza baada ya wiki mbili kwa sababu sikai kwenye kiti. Hilo ni kweli. Nikikaa sehemu moja dakika kumi, nasimama kuangalia kitu ambacho hakipo. Kwa hiyo nilipopata kazi ya kuwapandisha wageni mlimani kwenda kuona maporomoko ya maji, nikajua Mungu ameniona.

Huko juu ndiko nilikompata mke wangu. Alikuwa anateremsha tenga la karoti kwenda mjini, nikajitia mwanaume, nikasema nitalibeba mpaka Bigwa, pale chini ya mlima. Sikufika nusu. Akalipokea, akaliweka kichwani, akanisubiri kila kona nifike. Tukaoana. Tangu hapo naishi kwao, kwenye nyumba iliyo saa moja na nusu ya kupanda kutoka Bigwa, hatua chache kabla ya msitu wa hifadhi.

Nyuma ya nyumba, kwa juu kidogo, kuna shamba la mama mkwe. Si kubwa. Kwenye kona yake inatoka chemchemi, magimbi yameizunguka, kisha migomba, kisha matuta ya sukuma wiki na karoti. Yale magimbi ndiyo chakula chao mvua zikizidi na njia ya mjini ikikatika, na maji yale wanayanywa wote wanaokaa chini yake. Sasa ukisimama katikati ya shamba lile unauona mji wa Morogoro wote umelala pale chini. Kila mgeni niliyempitisha hapo alitoa simu apige picha. Wao walipokuwa wanaona mji, mimi nilikuwa naona mahema.

Tulikuwa na kikundi chetu cha utalii, watu kumi na wawili wa kitongoji. Akaletwa dada mmoja mtaalamu atusaidie kutengeneza mpango. Huyu dada alikuwa amefanya kazi miaka mingi pwani, kwenye hifadhi ya mikoko na fukwe ambazo kasa hupanda kutaga, na kazi yake ilikuwa kupanga namna wageni waje bila kuharibu kile walichokuja kukiona. Kikao cha kwanza tulimuuliza, sasa wewe mtu wa pwani utatusaidia nini huku kwenye baridi?

"Mto wenu ndio unaoishia kwetu," akasema. "Mvua ikinyesha huku, udongo wenu mimi naukuta kule kwenye mikoko. Nimekuja kuona unakotoka."

"Basi ukirudi tena uje nao," akasema rafiki yangu. "Wa hapa umebaki kidogo."

Huyu rafiki yangu ni wa Mwembesongo vilevile. Tumekua wote, na kwenye safari za wageni yeye ndiye mpishi. Ana kipaji cha kusema jambo ambalo wewe ulikuwa unalikwepa.

Yule dada akatupeleka watano wetu pwani siku tatu, tukajifunze. Mtu wa kwanza kutuzungusha alikuwa mama mmoja mkusanya chaza, ambaye siku hizi anaongoza wageni. Akatuonyesha ufukweni sehemu zilizozungushiwa vigingi vyenye ncha nyekundu. Chini yake kuna mayai ya kasa, mtu asikanyage. Mimi vile vigingi vilinikaa kichwani pale pale. Niliona ni kitu cha kisasa, kitu cha mpango. Yule mama akaendelea kueleza: kabla ya kigingi cha kwanza walikaa miezi wakizungumza na wanawake wa pale, kwa sababu njia ya wageni ilikuwa inapita wanapoanikia chaza zao, na ufukwe ule ulikuwa na wenyewe hata kama hauna uzio.

Haya maelezo nimekuja kuyapata baadaye kutoka kwa rafiki yangu. Wakati yanatolewa, mimi nilikuwa nimevaa jaketi la kuelea, natafuta pembe nzuri ya kujipiga picha.

Niliporudi nyumbani sikutulia. Mke wangu akiniwekea chakula nakula nimesimama. Naingia, natoka, napanda shambani, nashuka, napima kwa hatua. Hapa hema la kwanza, hapa la pili, hapa choo, hapa kibao kikubwa chenye jina la msimamizi, na msimamizi mnamjua. Dada mtaalamu alikuwa ametuachia fomu: kila anayependekeza eneo aliandike, achore, na ajaze nani mwenye eneo. Alikuwa anarudi Ijumaa ya wiki iliyofuata kukagua, na eneo lililokamilika ndilo lingeingia kwenye mpango.

Kwenye "mwenye eneo" nikaandika jina langu. Herufi kubwa, na sahihi yenye mkia.

Nisijifanye sikujua. Huku kwenye milima ya Uluguru shamba linafuata upande wa mama. Mwanamke anapewa na mama yake, naye anawapa binti zake, na mwenye kusema neno la ukoo ni mjomba, kaka wa mama. Mume ni mtu aliyekuja. Analima, anakula, anaheshimiwa, lakini kugawa hagawi. Hayo nilikuwa nimeyasikia miaka tisa. Ila mimi kichwani mwangu bado nilikuwa na hesabu za kwa baba yangu, ambako mwanaume ndiye mwenye shamba hata kama hajui jembe linawekwa wapi. Nikajiambia: nimelilima, kingo za matuta nimezishindilia mimi, na nani mwingine mwanaume hapa?

"Mama umemwambia?" mke wangu akaniuliza aliponikuta nachonga.

"Tunapima tu."

"Nimeuliza, mama umemwambia?"

"Nitamwambia."

Lakini mama mkwe haambiwi hivi hivi. Mimi na yeye tuna salamu zetu: shikamoo mama, marahaba mkwe, basi. Mkwe wa kiume hapigi soga na mama wa mke wake. Nikaifanya heshima hiyo kichaka cha kujifichia. Siku nane mfululizo alipita mbele yangu na jembe lake, siku nane nikasema shikamoo kwa adabu ya hali ya juu. Jumatano akiwa ameshuka kanisani na akina mama wenzake, nikapanda haraka na nyundo nikapigilia vigingi vyote kumi na sita. Vinne vilikuwa katikati ya magimbi.

Ijumaa wakaja: dada mtaalamu, mwenyekiti wa kikundi chetu, na rafiki yangu aliyesema amekuja kushuhudia. Manyunyu yaliwashika njiani, wakafika wamelowa. Mama mkwe akatoka jikoni akawakaribisha barazani, akasema mvua ipite kwanza, wapate chai. Mimi nilikuwa kama nimekalia siafu. Nilitaka twende shambani tumalize, halafu mama aje kuambiwa mpango wenyewe ukiwa umeshapita. Chai ikaja. Ilikuwa na tangawizi na kitu kingine. Nikasema lile neno langu la mkaratusi. Mama akaniangalia kidogo, akasema, "Karibu, mkwe."

Manyunyu yalipokata nikawapandisha mbio. Tukafika. Hakuna kigingi hata kimoja.

Nikazunguka. Nikainama kwenye magimbi, nikapekua majani, nikatoka na matope mpaka masikioni. Mashimo yalikuwepo, tena yamefukiwa vizuri.

"Ngedere," nikasema.

"Ngedere?" mwenyekiti akauliza.

"Ngedere wa huku wakorofi sana. Wakiona kitu chekundu wanadhani tunda."

"Wakang'oa kumi na sita," rafiki yangu akasema, "halafu wakafukia mashimo. Hao ngedere wamelelewa."

Dada mtaalamu alikuwa amesimama kwenye chemchemi, haangalii mashimo. "Choo umekichora wapi?"

Nikamwonyesha, juu kidogo.

"Na maji haya yanaenda wapi?"

Nikaonyesha bondeni, kwenye mabati ya nyumba, moja, mbili, nyingi. Mkono wangu ukateremka wenyewe. Kwenye karatasi nilikuwa nimechora choo kizuri, chenye dirisha na paa. Sikuwa nimefikiria kwamba kinateremka.

Tukarudi barazani. Mimi nikiwa na aibu nakula, nikiwa na aibu zaidi nakunywa. Nikasogea mlango wa jikoni, nikanyoosha kikombe, nikaomba nyingine. Mama mkwe akainua sufuria. Chini ya sufuria, kati ya mafiga mawili, kilikuwa kimechungulia kipande cha mti kilichochongwa vizuri, ncha nyekundu, rangi inatokota mapovu.

Nikakiangalia. Akaniona nakiangalia.

"Mkwe," akasema, wala hakupaza sauti, ila baraza lote lilisikia, "kwani hivi vijiti vilikuwa na mwenyewe? Nilivikuta vimesimama kwangu, nikajua kuni. Maana mtu akitaka kujenga kwangu, si angeniuliza?"

Rafiki yangu akatoka nje. Alisema anakohoa.

Dada mtaalamu akafungua mkoba akatoa ile fomu niliyokuwa nimempa. Hakunisema. Akamwomba mama radhi, akampa karatasi. Mama mkwe akaingia ndani, akarudi na miwani anayosomea kitabu cha sala, akasoma kwa kidole mstari kwa mstari, sisi tumesimama kama watoto wanaosubiri ripoti ya shule. Kidole kikafika kwenye mkia wa sahihi yangu.

"Hili ni jina la mkwe wangu," akasema. "Ni jina zuri. Sasa shamba lake liko wapi?"

Mimi ni mtu wa maneno. Msiba una watu mia, nitapata la kuwachekesha watatu. Siku ile niliinua kikombe nikanywa, kumbe kilikuwa kitupu.

"Kama kuna neno," mama mkwe akasema akikunja miwani, "lipite kwa kaka yangu." Akarudi jikoni.

Kaka yake, mjomba wa mke wangu, anakaa Mkuyuni, upande mwingine wa milima. Mke wangu alikaa siku mbili bila kuniambia kitu zaidi ya "sogea" na "pisha". Ya tatu akasema, "Nenda kwa mjomba. Na usiende kuchekesha." Nikamchukua rafiki yangu, tukapakizwa wote kwenye bodaboda moja na mfuko wa sukari katikati yetu, mshikaki mpaka Mkuyuni.

Tulimkuta mjomba sokoni anapima pilipili manga. Ilikuwa siku ya gulio. Nikatoa shikamoo, akaitikia, akaniambia nishike gunia. Nikashika. Akaniambia nihamishe lile jingine. Nikahamisha. Saa nne ikapita, saa sita ikapita. Kila nikitaka kuanza, anakuja mteja. Mwili unaniwasha, natamani kuzunguka soko, kuuliza bei ya kitu chochote, lakini nimeshika mdomo wa gunia na pilipili inanipandisha chafya. Rafiki yangu amekaa kwenye kivuli cha banda anakula muwa.

Mchana mjomba akafuta mikono. "Haya. Umekuja kuomba au kueleza?"

"Kuomba, mjomba."

"Unaomba nini?"

Nikamwambia. Mahema, wageni, choo, ile karatasi, kibao. Nilipofika kwenye kibao sauti ilikuwa imepungua sana.

"Mimi siwezi kukupa," akasema. "Nikikupa mimi nitakuwa mwizi kama wewe, samahani. Mimi ni mdomo wa ukoo tu. Ukoo wetu, lukolo, unatoka tumboni kwa mama. Shamba lile ni la dada yangu, na wadogo zake, na binti zao." Akachukua punje ya pilipili akaitafuna kama karanga. "Una watoto wangapi?"

"Wawili. Wa kike wote."

"Wa ukoo gani?"

Nikataka kusema wangu. Nikakumbuka nimekatazwa kuchekesha. "Wa kwenu, mjomba."

"Sasa fikiri mwenyewe. Mkubwa ana miaka mingapi, saba? Ile karatasi ulikuwa unatia sahihi juu ya shamba la nani?"

Hapo ndipo iliponiingia. Miaka yote nilidhani ukoo wa mke wangu umenizunguka kama uzio, wao ndani mimi nje. Kumbe wanangu walikuwa ndani tangu siku walipozaliwa, na mimi nilikuwa nimepanga kuwachimbia choo juu ya maji yao. Binti yangu mkubwa ana tuta lake moja dogo pale la karoti, amelipa jina. Kigingi namba tisa nilikipigilia humo.

"Nitakwenda Jumapili," mjomba akasema. "Wakae wanawake wenyewe. Wewe usikae."

Jumapili baada ya misa wakakaa nyumbani kwetu, mama mkwe, wadogo zake, mke wangu na dada zake na binamu zake, mjomba kwenye kigoda pembeni. Mimi nikawekwa nje, mbali, na rafiki yangu aliyekuja kupika. Akanipa viazi nimenye. Kiazi cha kwanza nikakimenya mpaka kikabaki kama gololi. Nikasimama. Nikaenda mpaka kwenye zizi la mbuzi nikarudi. Nikaenda tena. Kulikuwa na kicheko ndani, kisha mtu mmoja anaongea kwa muda mrefu kwa Kiluguru cha haraka, na katikati nasikia jina langu.

"Kaa chini, mwanangu," rafiki yangu akasema. "Unamtia mbuzi wasiwasi."

"Unafikiri watanirudisha Mwembesongo?"

"Wakurudishe wapi? Mwembesongo nani anakutaka?"

Jua lilikuwa limeanza kulalia upande wa mji mke wangu alipotoka. Akasimama mbele yangu, mikono kiunoni, akanipa majibu kama anavyosoma orodha ya sokoni. Mahema hapana. Si mwaka huu, si mwakani, hapana. Choo chochote kiwe chini ya nyumba ya mwisho. Njia ya wageni inaweza kupita ng'ambo ya kijito, nje ya magimbi, watu wachache wachache na kwa mstari mmoja, na mvua kubwa ikinyesha wasipite kabisa mpaka udongo ushike. Na kila kundi litangulizwe na mwanamke wa ukoo.

"Mwanamke gani?" nikauliza.

"Mimi," akasema. "Kwa nini, una mwingine?"

Nilifurahi? Sikufurahi. Nitasema ukweli, iliniuma siku kadhaa, nilikuwa nimeshajiona nimesimama chini ya kile kibao nimekunja mikono. Dada mtaalamu alipokuja tena, aliyaandika masharti yote akitabasamu, akasema huku mmemaliza Jumapili moja kazi iliyotuchukua sisi pwani miezi. Kwenye "mwenye eneo" mistari haikutosha. Ikabidi abandike karatasi nyingine, majina kumi na moja, yote ya wanawake, la mama mkwe juu na la binti yangu mdogo chini kabisa, kwa mwandiko wa mama yake. Mimi nimo kwenye ukurasa mwingine, kwenye kundi la wabeba mizigo.

Siku iliyofuata nilipanda shambani na jembe kabla sijaombwa. Nikayashindilia mashimo ya vigingi upya, nikapalilia magimbi, nikafungua mfereji ulioziba majani. Mama mkwe akapita. Shikamoo mama. Nikangoja ile marahaba nirudi kwenye mfereji. Akaweka ndoo chini.

"Marahaba, mkwe. Upande ule wa juu unabomoka," akasema. "Wewe unaonaje, tupande matete, au tuweke mawe?"

Miaka tisa hakuwahi kuniuliza kitu. Nikasema matete. Akafikiri, akasema sawa, matete, akaondoka na ndoo yake.

Jioni nilimsindikiza rafiki yangu mpaka Bigwa. Njia nzima nikawa namsimulia hilo moja tu, alivyoweka ndoo, alivyosema "wewe unaonaje", nimelirudia mara ya nne sijui ya tano, natembea kinyumenyume mbele yake ili nimwone usoni, nimeteleza mara mbili. Akaniacha nimalize. Akatoa mdomoni kijiti alichokuwa anatafuna.

"Mwanangu," akasema, "mimi miaka yote hii nilijua umeoa. Kumbe ulikuwa umefikia kwao tu."